Polipu ya utumbo mpana: kuchagua njia ya kuikata, na kuikata ikaisha

Polipu ni kinyama kinachoota kwenye utando wa ndani wa utumbo. Rahisi kuliko zote kuiondoa ni ile ambayo hakuna aliyeigusa. Ikishanyofolewa biopsi tano (vipande vidogo vya kupimwa), ikikatwa nusu ikaachwa, au ikichomwa wino wa alama chini yake, kovu hujijenga kati ya utando na misuli na kuigandisha pale ilipo. Daktari atakayefuata atachoma sindano na polipu haitainuka. Kwa hiyo kabla ya kuuliza una kitanzi gani (waya wa kukatia) mkononi, jiulize kama unaweza kuimaliza polipu hii leo, kwa vifaa vilivyopo na kwa uzoefu ulio nao. Kama huwezi, piga picha, andika ilipo, weka alama mbali nayo, mpe mgonjwa rufaa. Adenoma kubwa, yaani polipu ya aina inayoweza kugeuka saratani, ikisubiri wiki chache haiharibiki kitu. Ikijaribiwa nusu, inaharibika.

Yanayofuata yameandikwa kwa daktari na muuguzi wanaosimama pamoja kwenye chumba cha endoskopi (kazi ya kamera inayoingizwa utumboni), kwa sababu nusu ya mafanikio ya kitanzi yako mikononi mwa anayekifunga.

Itazame kabla ya kuigusa

Osha ute na mabaki yote juu ya polipu, kisha zungusha kifaa mpaka polipu ikae chini ya skrini, kuelekea kulia kidogo, kati ya namba 5 na 6 za uso wa saa. Hapo ndipo mlango wa kupitishia vifaa unapotokea. Polipu ya juu ya skrini ikikatwa huko huko juu, kitanzi hukwangua ukuta na ukingo wa chini husahaulika. Mara nyingi kinachotakiwa ni kumgeuza mgonjwa: alale chali, au ubavu wa kulia, ili maji na damu vikusanyike upande wa pili wa polipu.

Ukubwa usiukisie kwa macho matupu. Fungua kitanzi ambacho kipenyo chake unakijua, cha mm 10 kwa mfano, ukiweke kando ya polipu na kupiga picha.

Umbo liandike kwa mfumo wa Paris: 0-Ip kwa yenye shina, 0-Is kwa iliyokaa bila shina, 0-IIa kwa iliyotuna kidogo tu, 0-IIc kwa iliyobonyea. Herufi hizi zinabeba uamuzi. Bapa pana yenye chembechembe zinazolingana ni nadra kuwa na saratani ndani yake, hivyo inaweza kukatwa vipandevipande bila wasiwasi. Ikiwa na kinundu kimoja kikubwa katikati ya chembechembe, kinundu hicho ndicho kinachotia shaka, na kikatwe kizima na kuwekwa kwenye kichupa chake. Bapa laini isiyo na chembe na yenye bonde katikati ndiyo ya kuogopwa: saratani inaweza kuwa imeshaingia chini bila uso kuonyesha wazi, na kuikata vipande kunamnyima mpatholojia, anayesoma kielelezo kwa hadubini, kipimo anachokihitaji.

Kisha washa mwanga wa bendi finyu, unaokoleza mishipa, uusome uso kwa NICE, mfumo wa kuainisha polipu kwa rangi, mishipa na mpangilio wa uso. Aina ya 1 ina rangi ya utando unaoizunguka au imefifia zaidi, na mishipa haionekani ila vijistari vichache. Aina ya 2 ni kahawia, mishipa yake imezunguka vijumba vyeupe virefu au vyenye matawi. Hiyo ni adenoma. Aina ya 3 ni kahawia iliyokolea, mishipa imekatikakatika au haipo kabisa, na uso hauna mpangilio. Aina ya 3 haikatwi kwa endoskopi. Chukua biopsi kutoka sehemu mbaya zaidi, weka alama, mpeleke kwa daktari wa upasuaji.

Polipu za misumeno (chini ya hadubini zina meno kama msumeno) zinastahili jicho la pekee, hasa upande wa kulia. Zina kofia ya ute wa njano, uso kama wingu, ukingo usioeleweka unapoanzia na vitobo vyeusi vidogo. Ukingo huo ndio unaowaponyoka wengi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013 ulichukua biopsi kwenye kingo za polipu za mm 5 hadi 20 ambazo madaktari waliamini wamezimaliza: asilimia 10.1 zilikuwa na mabaki. Kwa zilizozidi mm 10 ilikuwa asilimia 17.3, na kwa za misumeno asilimia 31. Swali ni kama mkataji aliuona mwisho wa polipu.

Mgonjwa, dawa zake, na mashine ya umeme

Aspirini iendelee. Klopidogreli isimamishwe siku 7 kabla ya kukata polipu kubwa, lakini mwenye stenti ya moyo asisimamishiwe bila daktari wake wa moyo kuridhia. Warfarini isimamishwe siku 5, na INR (kipimo cha kuganda kwa damu) iwe chini ya 1.5 siku ya kazi. Kwa rivaroksabani, apiksabani na wenzao, dozi ya mwisho iwe siku 3 kabla. Anayetumia dabigatrani na figo zake ni dhaifu asubiri siku 5.

Utumbo usafishwe kwa dozi iliyogawanywa, nusu jioni na nusu alfajiri. Kama unatarajia kutumia umeme, usisafishe kwa manitoli: bakteria huichachua na kutoa hidrojeni na methani, na cheche moja ndani ya gesi hiyo inaweza kulipuka. Hata kwa dawa nyingine, utumbo uliobaki na kinyesi si mahali pa kuwasha umeme. Kabonidioksaidi ni bora kuliko hewa ya kawaida kwa kazi yoyote ndefu, kwa sababu mwili huinyonya haraka na tumbo halibaki limejaa.

Pedi ya kurudisha umeme iwekwe pajani, kwenye ngozi kavu, mbali na chuma chochote kilichopandikizwa mwilini. Muulize mgonjwa kuhusu kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo kabla hajapewa dawa ya usingizi, maana baada ya hapo hatakuwa na jibu.

Kitanzi cha umeme nacho kikaguliwe mezani. Kifunge taratibu mpaka ncha ilingane na mdomo wa ala (mrija unaobeba waya), kisha weka mstari wa kalamu kwenye mpini. Mstari huo humwambia msaidizi nyama iliyobanwa ni nene kiasi gani: akihisi ukinzani kabla hajaufikia, ameshika kingi. Endelea kukifunga mpaka mwisho. Waya unatakiwa kuingia ndani ya ala kama mm 15. Usipoingia hivyo, utakwama katikati ya shina nene, hauwezi kukata wala kubana.

Kitanzi baridi: hiki kiwe chaguo lako la kila siku

Polipu nyingi unazokutana nazo ni chini ya mm 10, na karibu zote hizo zinatakiwa kukatwa kwa kitanzi bila umeme. Hakuna joto linalopenya chini, hivyo kutoboka ni nadra mno na damu ya kuchelewa karibu haipo. Damu ya papo hapo ipo, inachuruzika dakika moja au mbili na kukoma yenyewe.

Koleo la biopsi lisichukue nafasi ya kitanzi. Linaacha mabaki, kwa kuwa baada ya mnyofoo wa kwanza damu hufunika na hujui umebakisha nini. Lifikirie kwa polipu ya mm 3 au chini yake tu, pale kitanzi kinapokataa kukaa, na liwe koleo la taya kubwa. Koleo la umeme liachwe kabisa: linachoma kielelezo hadi mpatholojia asiweze kukisoma, na joto lake linazama.

Tumia kitanzi cha waya mwembamba kilichotengenezwa kwa kazi hii, cha mm 9 au 10. Waya mnene unaponda badala ya kukata. Hatua zenyewe:

Toa ncha ya ala karibu na polipu, fungua kitanzi chote, kilaze juu yake ili polipu iwe katikati na utando mzima wa mm 1 hadi 3 uonekane kuizunguka pande zote. Sukuma ala ielekee ukutani na wakati huo huo fyonza gesi kidogo. Ukuta ukilegea, utando huingia kitanzini. Msaidizi afunge kwa mwendo mmoja usiosita. Usiinue, usivute, usitengeneze hema. Kuinua ni tabia ya umeme, ambako tunataka kuepusha misuli na joto. Kwa kitanzi baridi kunapunguza tu utando wa pembeni uliokwishaukamata.

Waya ukigoma, sababu karibu siku zote ni moja: umebana nyama nyingi, pamoja na tabaka la chini (lililo kati ya utando na misuli). Usiuvute mpaka nyama ipasukie ndani ya mlango wa kifaa. Shikilia shinikizo sekunde kadhaa. Ukigoma bado, fungua mpini kidogo sana, tabaka la chini lichomoke, kisha funga tena. Ikishindikana fungua kabisa, uchukue kidogo zaidi. Wala usikimbilie kuwasha umeme kwenye nyama ambayo hujui ina nini ndani. Hapo ndipo misuli huunguzwa.

Baada ya kukata, elekeza ndege ya maji kwenye jeraha. Maji yanafanya kazi mbili: yanavimbisha tabaka la chini na kubana vimishipa, na yanapanua jeraha hadi ukingo wote uonekane. Kijinundu cheupe kikibaki katikati mara nyingi si polipu wala mshipa, ni kipande cha misuli myembamba ya utando kilichovutwa. Kiache. Ukiona mabaki ya kweli ukingoni, yakate kwa kitanzi hicho hicho.

Kipande kifyonzwe kupitia mlango wa kifaa hadi kwenye mtego. Kama mtego hakuna, chachi moja ikiwekwa kwenye maungio ya bomba la kufyonza inatosha kukidaka. Muuguzi aikague mara moja kila baada ya polipu. Vipande viwili kwenye chachi moja havina anayejua kipi kimetoka wapi.

Mipaka ya kitanzi baridi inasogezwa mwaka hadi mwaka. Polipu za misumeno za mm 10 na zaidi, ambazo hazionyeshi dalili ya mabadiliko mabaya, zinakatwa vizuri kwa baridi vipandevipande, zikichomwa sindano ya rangi kwanza ili ukingo wake ujitokeze. Adenoma kubwa ni habari nyingine. Jaribio la Ujerumani lililochapishwa mwaka 2024 lililinganisha baridi na moto kwa polipu bapa za mm 20 na zaidi: madhara makubwa yalikuwa asilimia 1.0 kwa baridi dhidi ya 7.9 kwa moto, lakini adenoma ilirudi kwa asilimia 23.7 dhidi ya 13.8. Mzee wa miaka 80 anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda anaweza kufaidika zaidi na baridi, hata akirudi kukatwa tena. Mtu wa miaka 50 mwenye afya, anayeishi mbali na hospitali na huenda asirudi kuangaliwa, afadhali amalizwe kwa moto.

Zenye shina

Shina lina mshipa. Polipu yenye shina, ya mm 10 na zaidi, ikatwe kwa umeme, kitanzi kikishika shina katikati au chini kidogo ya kichwa, ili kibaki kipande cha kushika tena kama damu itatoka. Ukikata sambamba na ukuta, huna cha kubana.

Kichwa kikifika mm 20 au shina likifika unene wa mm 10, zuia mshipa kabla ya kukata. Chaguo moja ni kuchoma adrenalini ya 1:10,000 kwenye shina na ndani ya kichwa. Mililita 4 hadi 8 husinyaza kichwa kikubwa na kitanzi kikapita kwa urahisi. Chaguo jingine ni kitanzi cha nailoni kinachobaki kwenye shina, au klipu (kibanio kidogo cha chuma). Klipu isiguse waya wakati umeme unawaka, kwa kuwa umeme utapitia kwenye chuma na kuunguza ukuta. Kichwa kisiguse ukuta wa pili pia. Kitikise wakati wa kukata ili kisichome sehemu moja. Kitanzi cha nailoni kikikazwa kupita kiasi hukata shina lenyewe bila umeme, na damu unayoipata ni ile ile uliyotaka kuizuia.

EMR: kuinua kwa sindano, kisha kukata

Hii ndiyo njia ya polipu bapa kubwa, na ndiyo inayohitaji nidhamu zaidi. Maji yanaingizwa chini ya utando yajenge mto kati ya polipu na misuli, kisha kitanzi cha umeme kinakata juu ya mto huo. Hadi mm 20 hivi polipu inaweza kutoka nzima. Zaidi ya hapo inakatwa vipandevipande.

Mchanganyiko. Salaini ya 0.9% inafanya kazi lakini inasambaa ndani ya dakika chache. Jelatini ya dripu, ile inayotumika kuongeza ujazo wa damu, inakaa muda mrefu zaidi na mara nyingi ipo kwenye stoo ya wodi. Weka rangi, indigo kamini au methilini buluu, kiasi cha kupata samawati inayopenyeza mwanga. Ikikolea sana huwezi kutofautisha kitu. Adrenalini ikiongezwa iwe 1:100,000, yaani ampuli moja ya mg 1 katika mililita 100. Andika lebo kwenye kila sirinji kabla haijaingia chumbani. Kosa la hatari hapa ni kuichanganya sirinji hii na ya 1:10,000 ya kwenye shina: ni nguvu mara kumi, na polipu kubwa inaweza kuhitaji mililita 30 au zaidi.

Kuchoma. Sindano ya geji 23 au 25. Mwambie msaidizi aanze kusukuma kidogo kabla ncha haijapenya, halafu choma kwa kulaza, usichome wima. Mto ukianza kuonekana mara moja, uko kwenye tabaka sahihi. Ielekeze ncha katikati ya utumbo huku maji yakiendelea kuingia, ili uvimbe ukue kuelekea kwako. Maji yakirushwa nje, hujaingia. Kama hakuna uvimbe wala maji yanayotoka, umepita ukuta: rudisha sindano taratibu mpaka uvimbe utokee. Polipu iliyokalia mkunjo ianze kuinuliwa upande wa mbali, igeukie kwako. Ukianza upande wa karibu utaificha nyuma ya kilima ulichokijenga mwenyewe.

Isipoinuka katikati huku pembeni pakiinuka, simama. Kama haijawahi kuguswa, huenda kuna saratani iliyoshuka chini. Rudi kwenye uso uusome upya. Kama ina biopsi au jaribio la zamani, huenda ni kovu tu.

Kukata. Chagua kitanzi kigumu cha mm 15 au 20. Anzia ukingo mmoja pamoja na mm 2 au 3 za utando mzima, kibonyeze, fyonza gesi, funga. Kabla ya kukanyaga pedali kagua mambo matatu. Kwanza, ala ikisogezwa mbele na nyuma, nyama iliyobanwa iteleze juu ya ukuta bila ukuta wote kufuata. Pili, mpini ukifungwa hadi mwisho, kidole gumba na vidole vya msaidizi viachane chini ya sentimita 1. Tatu, umeme ukiwaka, ikatike kwa mipigo michache. Ikichukua muda mrefu kuliko hapo, acha, fungua, tikisa, kamata upya. Misuli huenda imo ndani. Mashine iwe ya kisasa inayobadilisha mkondo yenyewe kati ya kukata na kugandisha. Mkondo wa kugandisha peke yake huunguza kina kirefu, na matokeo yake hayaonekani siku hiyo.

Kipande kinachofuata kianzie kwenye ukingo wa jeraha la kwanza, waya mmoja ukilala ndani ya jeraha. Ukiruka ukaanza mbali, unaacha visiwa, na visiwa ndivyo polipu inayorudi. Ukishindwa kukamata kisiwa kwa kitanzi, kinyofoe kwa koleo baridi kisha gusa mahali pake kwa ncha ya kitanzi. Usikichome kwa gesi ya agoni ukidhani kimeisha: utaunguza juu, mizizi ibaki.

Ukingo. Hatua hii inaachwa mara nyingi, ingawa haiongezi gharama kwa kuwa kitanzi ni kile kile. Toa ncha ya waya mm 1 hivi nje ya ala, weka mashine kwenye kugandisha laini, wati 80, nguvu ya 4, na uzungushe ukingo wote wa jeraha mpaka utando uwe mweupe kwa upana wa mm 2 au 3. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha polipu zilizorudi zikishuka kutoka asilimia 21.0 hadi 5.2 kwa hatua hii pekee. Ifanye baada ya kuhakikisha hakuna polipu inayoonekana. Haikuwekwa kufunika ukataji mbovu.

Jeraha likaguliwe kama ulivyokagua polipu

Osha. Tabaka la chini lililo salama ni samawati lenye nyuzi nyeupe zinazopishana. Sehemu isiyoshika rangi imwagiwe rangi kupitia ala ya sindano, ncha ikiwa ndani. Ikishika, ni tabaka la chini. Nyuzi nyeupe zilizonyooka sambamba, zisizoshika rangi, ni misuli iliyofichuliwa. Kisha geuza kipande ulichokikata: duara jeupe katikati ya samawati upande wa chini linamaanisha umetoka na misuli. Mgonjwa anaweza kuwa hana maumivu yoyote wakati huo. Funga kwa klipu papo hapo, kabla ya kuendelea na vipande vingine ikibidi, lakini ondoa kwanza polipu iliyo karibu ili klipu isikuzibie njia. Kutoboka kunakogunduliwa mezani na kufungwa vizuri mara nyingi hakuhitaji upasuaji. Kunakogunduliwa kesho yake wodini karibu kila mara kunauhitaji.

Kwa polipu za mm 20 na zaidi za upande wa kulia, kufunga jeraha lote kwa klipu kunalipa: katika jaribio la mwaka 2019 damu ya kuchelewa ilishuka kutoka asilimia 9.6 hadi 3.3. Upande wa kushoto faida hiyo haikuonekana. Anza kwenye kona moja ya jeraha na kwenda kama unafunga zipu, klipu zisiachane zaidi ya sentimita 1. Klipu ni ghali, na klipu nne zilizotawanywa juu ya jeraha bila kulifunga ni fedha iliyotupwa.

Chini ya maji

Njia hii, iliyoelezwa na Binmoeller na wenzake mwaka 2012, haihitaji sindano. Fyonza gesi yote, jaza maji mpaka utumbo ufunguke. Utando na polipu huelea kuja ndani, misuli hubaki mviringo mahali pake, na kitanzi hukata kinachoelea. Inafaa sana kwa polipu za mm 10 hadi 20, kwa polipu iliyorudi juu ya kovu ambako sindano haiinui kitu, na kwenye mlango wa utumbo mdogo. Adui yake ni uchafu: maji yakichafuka huoni kitu. Gesi ikibaki nusu, nguvu ya kuelea nayo inapotea, hivyo mwambie msaidizi asiguse kitufe cha hewa mpaka kazi iishe.

ESD na kitanzi cha ukuta mzima

ESD inatumia kisu kidogo badala ya kitanzi: utando unakatwa kuizunguka polipu, kisha tabaka la chini linachanwa polepole mpaka polipu itoke nzima, iwe na sentimita 3 au 7. Ilizaliwa Japani kwa ajili ya tumbo la chakula mwishoni mwa miaka ya 1990, na bima ya taifa ya huko ilianza kuilipia kwa utumbo mpana Aprili 2012. Faida yake ni kielelezo kizima na kurudi kwa nadra. Jaribio la Ufaransa kwa adenoma za mm 25 na zaidi lilipata zilizorudi baada ya miezi 6 ni asilimia 0.6 kwa ESD dhidi ya 5.1 kwa EMR. Madhara yalikuwa asilimia 35.6 dhidi ya 24.5. Itumike pale ambapo kipande kizima kitabadilisha uamuzi: bapa yenye bonde, kinundu kinachotia shaka ya saratani ya juujuu, polipu kubwa ya puru (sehemu ya mwisho ya utumbo) ambako upasuaji ungemwachia mtu mfuko wa kinyesi. Kwa adenoma ya kawaida ya chembechembe, EMR iliyofanywa kwa utaratibu inatosha, na hapa wapenzi wa kisu mara nyingi wanajifurahisha wao. ESD haijifunzwi kwa kusoma wala kwa kuanza na utumbo wa kulia, ambao ukuta wake ni mwembamba; wanaoijua wameanza kwenye tumbo la chakula na puru, mbele ya mwalimu.

Kifaa cha kukata ukuta mzima kinafunga klipu kubwa chini ya polipu kisha kinakata juu yake. Ni cha polipu isiyoinuka, isiyozidi sentimita 2 hivi. Kwenye mdomo wa kidole tumbo kinafanya kazi, ila mgonjwa aambiwe mapema kwamba anaweza kupata uvimbe wa kidole tumbo baadaye.

Puru ina mambo yake mawili. Karibu na njia ya haja kubwa utando una hisia, hivyo ongeza lignokaini ya 1% kwenye mchanganyiko huku moyo ukiangaliwa kwenye monita. Damu ya hapo haipitii ini kwanza, hivyo kwa kazi kubwa fikiria antibiotiki.

Kielelezo na alama

Polipu iliyotoka nzima isitupwe tu kwenye fomalini, itajikunja na ukingo utapotea. Ibandike kwa pini kwenye kizibo au sponji, upande wa utando juu, kisha itumbukize kwenye fomalini ya 10%. Kwenye fomu andika ukubwa, mahali, nzima au vipande. Mpatholojia akikuta saratani atapima kina chake chini ya utando, na mpaka wa maikromita 1,000 ndio unaoamua kama mtu apelekwe kupasuliwa. Kwenye vipande ishirini vilivyochanganyika hawezi kupima hivyo.

Alama ya wino wa kaboni iwekwe sentimita 3 chini ya polipu kuelekea njia ya haja kubwa, kamwe si chini yake. Inua kwanza kijimto cha salaini, kisha badilisha sirinji uweke wino humo. Mwanzo kabisa wa utumbo mpana na puru havihitaji alama.

Baada ya kwenda nyumbani

Mpe maandishi, si maneno tu: damu nyingi inaweza kutoka hadi wiki 2, maumivu makali na homa arudi siku hiyo hiyo. Aliyekatwa polipu kubwa asisafiri katika wiki hizo kwenda mahali ambako hakuna hospitali ya kumwongezea damu. Maumivu na homa ndani ya siku chache, tumbo likiwa gumu sehemu moja tu na CT ikionyesha hakuna hewa nje ya utumbo, kwa kawaida ni ukuta uliounguzwa bila kutoboka: asile, apewe dripu na antibiotiki, aangaliwe kwa ukaribu. Damu ya kuchelewa mara nyingi hukoma yenyewe. Anayezidi kuishiwa nguvu na presha kushuka ndiye wa kurudishwa mezani.

Polipu 1 hadi 4 chini ya mm 10, zisizo na mabadiliko makali ya seli, hazihitaji ufuatiliaji wa pekee. Pasipo na mpango wa uchunguzi, arudi baada ya miaka 10. Ya mm 10 na zaidi, yenye mabadiliko makali, au polipu 5 na zaidi: miaka 3. Iliyokatwa vipandevipande, ya mm 20 na zaidi: miezi 3 hadi 6, kisha miezi 12 baada ya hapo.

Siku hiyo tafuta kovu jeupe ambalo mikunjo inaelekea kwake, ulitazame kwa mwanga mweupe na wa bendi finyu. Vinundu vilivyotuna mahali palipokuwa na klipu huwadanganya wengi: vina vitobo vya mviringo vya kawaida, sawasawa na utando wa jirani, na si polipu. Vitobo virefu au vyenye matawi ndivyo mabaki. Nyofoa kwa koleo baridi, gandisha mahali pake kwa ncha ya kitanzi, tuma kielelezo, na hesabu ya miezi ianze upya.